Kivuli cha Bi Zena wa Ndau kilivyoshinda tuzo ng'ambo, na neno moja la Kiamu lililotaka kuniumbua

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita. Nyuzi zenu nimezisoma miaka mingi, nimecheka, nimelia, sijawahi kuacha hata koma. Leo nimeona niache uchoyo.

Ninayoyasimulia yamenipata mimi mwenyewe. Majina ya watu nimeyabadilisha kwa heshima, na shindano lenyewe sitalitaja. Mengine yote ni kama yalivyokuwa. Mwenye shaka apande boti aje Ndau aulize wanawake, watamwambia na chumvi juu.

Niiteni Mutheu. Mkamba wa Kitui, fundi wa sola. Ndiyo, ni mwanamke, na ndiyo, paa napanda mwenyewe. Tulimalize hilo mapema maana nawajua.

Nimepanga chumba Wiyoni, hapa kisiwani Lamu. Kazi yangu ni kuzunguka visiwani nikifunga sola na kufufua zilizokufa. Betri na waya zikishuka Mokowe, upande wa bara, kwa basi nazifuata, napakia kwenye boti, tunaondoka.

Picha ni ugonjwa wangu wa pembeni. Nina kamera ya mtumba na lenzi moja yenye mkwaruzo. Sipigi harusi. Napenda picha za black and white zisizo na maelezo mengi, zile ambazo ukimwonyesha mtu anakuuliza, "Sasa hii ni nini?" Ng'ambo wanaita fine art. Kwetu Kitui mama yangu anaita kupoteza muda.

Sasa tuje kwenye lugha, maana uzi huu wote ni wa lugha.

Nilikuja huku nikijiona mjuzi. Kiswahili shuleni nilikuwa nabeba zawadi, insha zangu zinasomwa mbele ya darasa. Wiki ya kwanza mama mwenye nyumba akaniita kutoka uani, "Mutheu, ndoo!"

Nikampelekea ndoo.

Akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akakaa chini kwa kicheko. Kumbe ndoo ni njoo. Watu wa Amu wanasema hivyo. Nikaanza kujifunza upya kama mtoto: njia ni ndia, nchi ni nti, njaa ni ndaa, macho ni mato. Baada ya muda nikadhani nimehitimu.

Wakuu, sikuwa nimehitimu.

Mwaka jana, kipindi cha kusi, ule upepo wa kusini, nilikuwa na kazi Ndau. Kwa wasiopajua, ni kisiwa kidogo cha wavuvi, kila kitu kinafika kwa boti, kuanzia unga mpaka fundi. Asubuhi za kusi kuna baridi ya upepo ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuamini iko pwani.

Nyumba jirani na nilipokuwa nafunga sola palikuwa na mama mmoja, Bi Zena. Mzaliwa wa Amu, aliolewa Ndau akiwa msichana, akabaki na lafudhi ya kwao mpaka leo. Anasuka ukili, zile kamba pana za miyaa, majani makavu ya mkoma, zinazoshonwa kuwa mkeka. Anasuka akitembea uani, ukili unamfuata nyuma kama mkia.

Na alikuwa amevaa koti la kiume. Koti la suti kabisa, jeusi, mabega mapana, juu ya dera na mtandio wake.

Nilimwona nikiwa juu ya paa, nikasahau kazi. Jua la asubuhi linampiga kutoka pembeni, ukili mweupe umemwagika, na koti lile. Nikashuka mbio kuchukua kamera. Ila huku hupigi mtu picha bila ruhusa, na mwanamke ndio kabisa. Nikaenda kubisha hodi, nikasalimu, nikaomba.

Akakataa kwa upole.

"Sitaki, mwanangu. Watu watanteka."

Wakuu, nilishtuka. Hii kaunti tumesikia mengi, kuna barabara tunapita na msafara wa polisi. Mama mtu mzima akikuambia watu watamteka, huchukulii mchezo. Nikashusha sauti.

"Nani atakuteka, mama?"

"Wifi yangu na shoga zake."

Mungu wangu. Wifi! Nikaangalia huku na huku.

"Na hutaripoti?"

Akaniangalia kwa huruma, kama ameanza kuona sina akili nzuri. Akasema, "Nikaripoti kwa nani? Wamezoea. Wataona picha, watanteka ndia nzima mpaka kisimani."

Hapo nilijiuliza kidogo mtu anatekwaje njia nzima mpaka kisimani. Lakini nilikuwa na hofu, na hofu haiulizi maswali mengi. Nikajiambia labda watamburuta.

Alikuwa ameanika shuka jeupe kambani. Nikamwambia, mama, simama nyuma ya shuka, jua likupige kutoka huko, mimi nipige kivuli tu. Hakuna uso, hakuna atakayekujua.

Akafikiri. Akasema, "Kivuli hakina sura. Hakina neno."

Akasimama nyuma ya shuka akaendelea kusuka. Upepo ukaja ukalijaza shuka, mabega yakapanuka, ukili ukaning'inia kutoka mikononi mpaka nje ya fremu. Nilipiga nyingi, lakini ile moja niliijua palepale. Kuna picha mtu unaijua kwa tumbo kabla ya macho. Nikamshukuru, nikarudi kwenye paa langu.

Nilipofika Wiyoni nikaihariri black and white, sikuigusa sana. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wapiga picha mtu alikuwa ametuma link ya shindano la kimataifa. Nikaingiza. Wanataka jina na maelezo mafupi. Nikaipa jina la Kiingereza, They Will Take Me, yaani Watanichukua. Kwenye maelezo nikaandika kwa uchungu wote kwamba huyu ni mama wa kisiwani anayeishi kwa hofu ya kutekwa nyara na ndugu wa mume wake.

Nililia nikiandika wakuu. Nililia kweli kweli.

Nikasahau. Maisha yakaendelea, betri zikaendelea kufa.

Siku moja niko jeti ya Mokowe nasubiri mzigo, email ikaingia. Picha yangu imeingia fainali. Majaji watakaa wiki ijayo, na picha zote za fainali zitawekwa kwenye tovuti yao pamoja na maelezo.

Nilipiga kelele mpaka wabeba mizigo wakageuka.

Athman, mwenye boti anayenipeleka visiwani, mzaliwa wa Pate, akaja kuona kama nimeumwa na nyuki. Nikamwonyesha simu. Akaisifu picha, mashaallah, akauliza maana ya yale maandishi. Nikamweleza yote: Bi Zena, hofu yake, wifi, kutekwa.

"Alisema vipi? Nambie alivyosema yeye," akaniambia.

"Watanteka."

Athman akanitazama. Mdomo ukaanza kumcheza. Akakamata nguzo.

"Bi Mutheu. Kuteka ni kucheka."

"Unasema?"

"Kwa Kiamu. Wewe hapo nakuteka. Watanteka, watanicheka. Mamangu wee! Umemfanya mwanamke wa watu haramia!"

Akacheka mpaka akaenda kukaa kwenye gunia la vitunguu. Mimi sikucheka. Kila kitu kilijipanga kichwani: wamezoea, ndia nzima, mpaka kisimani. Mama wa watu alikuwa anaogopa kuchekwa, na mimi nimeuambia ulimwengu kwamba wifi yake ni mteka nyara. Na wiki inayofuata itakuwa wazi kwenye tovuti, Ndau imegeuzwa pango la majambazi na mtu waliyempa chai.

Najua kuna atakayesema ungenyamaza, nani atajua? Wazungu hawajui Kiamu. Nilifikiria hivyo, sitawadanganya. Nilifikiria kwa muda wa chapati moja pale Mokowe. Lakini huku kila mtu ana simu, na kila mtu ana mpwa Mombasa. Na zaidi ya hapo, Bi Zena aliniambia jambo moja tu analoliogopa duniani, nami nilikuwa mbioni kumletea lenyewe.

Nikamwambia Athman, leo hatuendi kwingine, twende Ndau. Mzigo nikamwachia mlinzi aupokee.

Bi Zena alinipokea kwa kahawa na kaimati. Nikamwambia yote bila kupamba, nikamsomea na yale maelezo niliyoandika, nikiyageuza Kiswahili neno kwa neno.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia.

Alikuwa anacheka wakuu. Alicheka akapiga paja, akafuta macho kwa mtandio, akamwita Athman mlangoni arudie, akacheka tena. "Mwanaesha aniteke nyara! Mwanaesha na goti lile lake! Atanibeba na nini?"

Mwanaesha ndiye wifi.

Halafu kicheko kikaisha, akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa.

"Jina lake umelitaya?"

Kutaya ni kutaja. Nikasema sikulitaja.

"Alhamdulillahi." Ndipo akanieleza kuhusu koti.

Lilikuwa la marehemu mume wake, Bwana Bakari. Koti lake la Ijumaa, la kuvalia juu ya kanzu kwenda msikitini. Alipofariki, nguo zake zikatolewa sadaka kama ilivyo desturi. Wifi yake, dada wa marehemu, ndiye aliyezikunja na kuzigawa. Bi Zena alilificha koti chini ya godoro. Eda ilipokwisha na kusi ikaingia, akaanza kulivaa asubuhi akiwa uani.

Mwanaesha alipoliona alimjia juu. Nguo za maiti ni za kutolewa, haiwi mtu kung'ang'ania. Na alipoona hatoi, akageuza kicheko. Kisimani, njiani, kwenye maulidi ya wanawake, akipita tu: "Mpisheni Bwana Zena!" Na wenzake wanaitikia. Bwana Zena amekuja. Bwana Zena, utatuswalisha lini?

"Naweza kustahimili ndaa," akaniambia. "Kutekwa siwezi. Hurudi nyumbani nikalikunja, nikasema kesho silivai. Kesho nikalivaa."

Nikamwambia, mama, naiondoa picha. Naandika leo, naitoa kwenye shindano, basi.

Niliyasema yale nikiwa nataka kulia kwa sababu yangu mwenyewe, nisijifanye malaika. Ilikuwa picha bora niliyowahi kupiga.

Akakunja ukili wake polepole.

"Usiitoe. Andika kweli. Waambie nilisema watu watanteka, na waambie koti ni la nani. Nimechoka kulificha. Lakini itakapokuja picha yenyewe, uilete hapa kwanza, nimwite Mwanaesha mimi mwenyewe aione. Akitaka kuteka nateke mbele ya mato yangu, si nyuma."

Niliandika email palepale uani kwake, nikiinua simu juu kutafuta mtandao kama mtu anayefukuza kunguru. Nikawaambia jina ni kosa, maelezo ni kosa, kosa ni langu. Jina jipya liwe Watanteka, lisitafsiriwe kichwani, maana yake iandikwe chini. Nikaeleza kuhusu koti. Nikasema kama sheria zao zinaniondoa, nitaelewa.

Wakajibu kwamba maelezo yamebadilishwa na majaji wataarifiwa, wala hawaahidi kitu. Nikasema sawa. Nikarudi kufunga waya.

Nilipata nafasi ya pili kwenye kundi la fine art.

Ya pili duniani wakuu! Wa kwanza alikuwa jamaa aliyepiga picha ya yai. Yai moja juu ya meza. Nimelitazama lile yai sana, nimejaribu kulichukia, nimeshindwa. Ni yai zuri.

Watu waliopiga simu siku hiyo siwezi kuwahesabu. Mama yangu Kitui aliniuliza, "Hicho kivuli ndicho wamekupa tuzo? Ungepiga mtu mzima si ungekuwa wa kwanza?" Nilimwambia mama, asante.

Sasa twende Ndau, ndiko ninakowapeleka tangu mwanzo.

Waandaaji walituma nakala kubwa iliyochapishwa, imefungwa kwenye mrija mgumu wa kadibodi. Ilifika Lamu baada ya safari ndefu, nikaitia fremu kwa fundi wa milango pale mjini. Nikaifunga kwa leso mbili. Athman aliendesha boti siku hiyo kama amebeba mayai, yeye ambaye kawaida anatulowesha mpaka nguo za ndani.

Bi Zena alikuwa amefagia, ametia udi, amepika mahamri na mbaazi. Amevaa buibui yake nzuri. Koti sikuliona.

Wakaja. Bi Mwanaesha mbele, mama mnene mwenye goti bovu na mdomo mzima, na shoga zake nyuma. Kabla hajakaa akasema kwa sauti ya sherehe, "Haya jamani, tumeitwa kumuona Bwana Zena, mpaka Ulaya amefika!" Wale wakaangua kicheko.

Bi Zena akanipa ishara. Nikaifungua leso ya kwanza, nikaifungua ya pili, nikaisimamisha fremu ukutani.

Kile kivuli kilikuwa karibu kimo cha mtu. Nilikuwa nimekizoea kwenye simu, hata mimi kilinishtua.

Shoga mmoja alianza kucheka, akaishia katikati.

Bi Mwanaesha alikuwa amesimama. Akasogea. Akainama kwa lile goti lake, akaweka kiganja kwenye bega la kivuli, juu ya kioo, akakiacha hapo.

"Kaka," akasema.

Si kwa sauti ya kuita. Alisema tu, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenyewe yuko ndani.

"Ndiye," akasema. "Mabega ndiyo haya. Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo, alianguka mnazini tukiwa wadogo. Angalieni. Si ndiye?"

Mimi ndiye niliyepiga ile picha. Aliyekuwa nyuma ya shuka ni Bi Zena, sina shaka hata kidogo. Lakini nilipotazama, koti lile lilikuwa limevaliwa na mtu mmoja maisha yake yote, limeshika umbo lake, na bega la kushoto kweli lilikuwa chini. Majaji, mimi na wote tuliosifu mwanga na upepo hatukuliona.

Ndipo nikaja kujua jambo ambalo hakuna aliyenieleza. Bwana Bakari hakupenda kupigwa picha. Moja tu aliyokuwa nayo ni ya kitambulisho, na hicho kilirudishwa serikalini wakati wa kuchukua cheti cha kifo. Mke na dada hawakuwa na sura yake popote.

Bi Mwanaesha alikaa chini sakafuni akalia. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Mahamri yakapoa. Baadaye akafuta uso, akamgeukia Bi Zena.

"Liko wapi?"

Bi Zena alisita. Nilimwona anasita, nikajua anafikiri ninachofikiri, kwamba sasa litachukuliwa likatolewe sadaka. Akaingia ndani. Akatoka nalo limekunjwa kifuani.

Bi Mwanaesha alilipokea kwa mikono miwili. Akalinusa kolani. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, mama yule wa mdomo mzima:

"Zena, nami niruhusu nilivae kidogo."

Bi Zena akamvalisha. Lilimbana, halikufunga kifungo hata kimoja. Akasimama nalo mbele ya ile picha, mikono imefichwa ndani ya ile mikono mirefu, na chumba kizima hakuna aliyecheka.

Wakuu, ile tuzo niliipokea pale. Ile ya ng'ambo ilikuwa bahasha tu.

Picha imetundikwa nyumbani kwa Bi Zena. Haina uso, kwa hiyo hata wale wasiopenda picha ndani ya nyumba hawakuwa na neno. Koti linakaa kwake, lakini naambiwa kusi hii kuna asubuhi linaonekana ua wa pili, kwa wifi. Mimi nikienda Ndau siku hizi silali na njaa, na mpaka watoto wananiita fundi wa wateka nyara.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukifika mahali pa watu, neno unalodhani unalijua ndilo la kuuliza mara mbili. Lile usilolijua utaliuliza tu, litakulazimisha. Na ukikosea, rudi kwa mwenye neno kabla hujaenda kwa mwingine yeyote. Mimi nilirudi nikiwa nimejiandaa kupoteza, nikapewa zaidi ya nilichokuwa nacho. Namshukuru Mungu, namshukuru Bi Zena, namshukuru Athman na kicheko chake cha kwenye gunia.

Haya, uwanja ni wenu. Waliohamia kwa watu semeni ni neno gani liliwaangusha, na waliofiwa semeni mlibaki na nini. Nitasoma yote, na leo nitajibu.